Kabla Uongeze Wufa, Nyamazisha Mabati Kwanza

Wasee, leo naanza na kuomba msamaha. Mwaka jana nilipoweka ile video ya kufunga wufa ya inchi 12 kwa Vitz yangu, watu wengi waliniuliza swali moja: "Besi yangu haitoki poa, nifanye nini?" Na mimi, bila hata kufikiria, nikawa najibu kila mtu kitu kimoja: ongeza wati. Nilikosea.

Nilijua nimekosea siku kijana mmoja wa Nakuru alinitumia ujumbe wa sauti. Kazi yake ni kuosha magari. Alikuwa amejinyima miezi minne akanunua amplifaya kubwa, juu mimi nilisema. Akaweka simu kwa buti nisikie. Besi hata sikuisikia. Nilisikia namba pleti ikipiga makofi, na kitu kingine mle ndani kama vijiko kwa debe. Halafu akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Sasa bro, niongeze tena?"

Sikuwa na jibu. Nikashuka kwa ploti, nikawasha muziki kwa gari yangu, nikafunga milango na kusimama nje. Ilikuwa inalia vilevile. Mamangu alikuwa ameshaniambia gari yangu inatoa sauti ya jikoni, nami nikadhani ni maneno tu ya wazazi.

Shida ni hii imani tuliyo nayo Nairobi kwamba gari ikitetemeka ndio besi ni kali. Tumeitoa kwa nganya. Unapanda ya Rongai, kioo kinatetemeka, kiti kinatetemeka, kifua kinatetemeka, unaona hapa ndio penyewe. Lakini tofautisha. Kifua kikitetemeka, hiyo ni besi. Bati likilia, hiyo ni pesa yako inavuja.

Kitu kimoja kilichonibakia kutoka fizikia ya sekondari (chuo niliacha, lakini hii haikunitoka) ni kwamba kila kitu kina kasi yake ya kutetemeka. Ni kama kusukuma mtoto kwa bembea: ukimsukuma kwa wakati wake, nguvu kidogo tu inampeleka juu. Mlango wa gari ni bati jembamba lenye uwazi mkubwa. Besi ikigonga ile kasi yake, mlango unaanza kuimba wimbo wake mwenyewe. Na masikio yetu yanashika ile kelele kali ya plastiki na bati kirahisi kuliko besi ya Hz 40. Kwa hivyo skrubu moja iliyolegea inaweza kuharibu kazi ya wufa nzima.

Sasa ona vile ushauri wangu ulikuwa mbovu. Ukitoka wati 300 ukaenda 600, umeongeza desibeli 3 pekee. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Huyo kijana alilipa pesa ya miezi minne kwa tofauti ndogo, na zile kelele zikaongezeka pamoja nayo. Na tusiguse hata zile namba kubwa zimechapishwa kwa boksi za amplifaya mtaani. Hizo nyingi ni za kilele cha sekunde tu. Angalia namba ya RMS.

Kwa hivyo anza na kutafuta, na hii ni bure. Pakua programu ya kutoa toni, ianzie Hz 20 ipande polepole hadi 100. Mwambie rafiki azunguke akibonyeza vitu kwa mkono. Kelele ikinyamaza akibonyeza, umempata mwizi. Kwangu mwizi wa kwanza alikuwa jeki iliyolegea chini ya tairi ya spea. Wa pili, namba pleti. Wa tatu ilikuwa chupa ya maji chini ya kiti, na hapo nilicheka peke yangu kama mjinga. Angalia pia taa ya breki ya juu, ile rafu ya nyuma, na klipu za plastiki za milango. Hizo klipu huvunjika kila fundi akifungua mlango, halafu anarudisha bila kukwambia.

Namba pleti niliweka vipande vya sponji nyuma yake, nikakaza skrubu. Plastiki zinazogusana na bati, weka sponji nyembamba katikati. Kufika hapo nusu ya kelele ilikuwa imeisha na sikuwa nimetumia hata mia tano.

Baadaye ndio unanunua shiti za butili, zile za raba nzito zenye aluminiamu juu. Zinaongezea bati uzito na kugeuza mtetemo kuwa joto kidogo. Safisha bati na spiriti, bandika, kandamiza na rola hadi ishike kabisa. Fundi mmoja aliniambia lazima nifunike mlango wote, na ni yeye anauza shiti. Si kweli. Funika kama robo ya bati, pale katikati penye uwazi, utasikia tofauti. Gonga na kidole: kabla linalia *ting*, baadaye linasema *dup*. Na tafadhali usizibe matundu ya chini ya mlango, hayo ni ya kutoa maji ya mvua. Ukiziba, kutu inaanza kula mlango.

Kuna wale watasema si utumie tu ile tepu ya lami ya kuzibia paa, ni bei rahisi. Nimeijaribu. Gari ikikaa juani inanuka, inalegea, na gundi inashuka kwa kioo. Nilikaa wikendi nzima nikikwangua.

Boksi lenyewe pia likaze. Mbao nyembamba na boksi lisilofungwa kwa sakafu ni spika ya pili ambayo hukuinunua. Halafu wufa uikate kwenye Hz 80 hivi, isijaribu kuimba sauti za watu.

Tusidanganyane lakini: haya yote hayazuii besi kutoka nje. Sheria ya NEMA ya 2009 inataja kelele na pia mtetemo uliozidi, na butili haitakutetea kwa jirani saa sita usiku.

Kijana wa Nakuru nimemwambia asinunue kitu kingine. Jumamosi anakuja Nairobi na gari, tunafungua milango pamoja. Shiti ni juu yangu. Video nitaweka ile ya kwanza na ya baadaye, simu ikiwa palepale kwa buti.