Mashujaa wa PlayStation 2: mchezo gani unastahili franka za mtoto?

Katika karte nyingi za Goma na Bukavu, PlayStation 2 bado haijazeeka. Sony iliitoa kwanza Japani mwezi wa tatu mwaka 2000, na habari ya kwamba haitengenezwi tena ilitangazwa mwanzoni mwa 2013. Lakini mpaka leo inawashwa katika sali za michezo zenye televisheni ya zamani, maneti mbili na benchi ya mbao. Sababu inaeleweka. Mashine hii haihitaji intaneti, haiombi programu mpya kila wiki, na umeme wa grupu ndogo unaitosha. Zaidi ya mashine milioni 155 ziliuzwa ulimwenguni, kwa hiyo vipuri na CD zake hazijakosekana sokoni.

Watoto wengi wanaoingia humo wanaomba mpira. Wanaobaki wanaomba mashujaa: Spider-Man, Batman, Hulk, Superman. Hapo ndipo swali la wazazi linapoanza, hasa katika familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru au Nyiragongo. Mtoto ambaye ameona watu wakihama na magodoro kichwani, je, alipe franka zake kwa kubomoa mji mwingine kwenye televisheni?

Jibu la haraka la wakubwa wengi ni kukataza kila kitu. Jibu hilo halifai. Michezo ya mashujaa ya wakati ule haifanani. Mmoja unamfundisha mtoto kukimbilia mtu anayelia, mwingine unamlipa kwa kuvunja. Kwa hiyo inafaa kuipanga, na kuipanga kwa vipimo vinavyohusu maisha ya hapa: raha ya kuicheza, namna inavyowatendea raia wa kawaida, na kama ndugu wawili wanaweza kukaa benchi moja na kusaidiana.

1. Spider-Man 2 (2004)

Huu ndio wa kwanza, na wa pili yuko mbali kidogo. Ulitengenezwa na Treyarch ukatolewa na Activision, pamoja na filamu ya jina hilohilo. Katika mchezo uliotangulia, wa mwaka 2002, uzi wa Spider-Man ulikuwa unashika hewani, pasipo kitu. Katika huu wa 2004, uzi unapaswa kushika jengo la kweli. Mtoto anajifunza kwa mikono yake: palipo na ghorofa anaruka kama ndege, palipo wazi anashuka chini na kutembea kama watu wengine. Mji wa Manhattan uko wazi wote, na kuzunguka ndani yake peke yake kunatosha kuwa mchezo.

Lakini kinachoupa nafasi ya kwanza ni raia. Hadithi haiendelei mpaka mchezaji akusanye pointi za ushujaa, na pointi nyingi zinapatikana kwa kuitikia mtu anayeita barabarani. Mmoja ananing'inia ukutani, mwingine yuko kwenye mtumbwi unaozama, mwingine ameumia na lazima abebwe mpaka hospitali. Hata mtoto aliyepotelewa na puto lake analia mpaka shujaa alikimbilie. Na Peter Parker mwenyewe ni maskini. Anapeleka pizza mbio ili apate pesa. Kijana anayebeba mizigo asubuhi ili jioni apate unga atamwelewa bila kufasiriwa.

Kasoro ipo. Kazi za barabarani zinajirudia, na baada ya siku kadhaa yule wa puto anachosha. Hata hivyo, ni afadhali kuchoshwa na kusaidia kuliko kuchoshwa na kuua.

2. Marvel: Ultimate Alliance (2006)

Raven Software, waliotengeneza X-Men Legends mwaka 2004 na X-Men Legends II mwaka 2005, walikusanya hapa mashujaa zaidi ya 20. Mchezaji anachagua wanne, na wote wanne wanatembea pamoja. PlayStation 2 ina matundu mawili tu ya maneti, kwa hiyo kwa kawaida wanacheza wawili. Wakipata kile kifaa cha kuongeza matundu, wanacheza wanne. Yaya akikimbia mbele peke yake, mdogo wake anabaki nyuma na kikundi kinashindwa. Ni somo zuri, na halihitaji hotuba.

Ndani yake kuna jambo zito pia. Pahali fulani mchezaji lazima achague kumwokoa Jean Grey au Nightcrawler. Hawezi kuwaokoa wote wawili. Mwishoni, mchezo unaonyesha matokeo ya uchaguzi huo na ya kazi nyingine ndogo alizozifanya au kuzipita. Watoto wa hapa wanajua kwamba kuna siku mtu anabeba mmoja na kumshika mwingine mkono. Mchezo unaokubali ukweli huo unastahili heshima.

Tena humo kuna Storm, ambaye katika vitabu vya katuni vya Marvel mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, na kuna Black Panther, anayefunguliwa kwa kutafuta sanamu ndogo zilizofichwa. Msichana anayemwona mwanamke mwenye asili ya Afrika akiamuru mvua na radi, bila kusubiri mtu wa kumwokoa, amepata kitu kwa franka zake.

3. Justice League Heroes (2006)

Ni ndugu wa ule wa pili, ila mdogo. Ulitengenezwa na Snowblind Studios, na hadithi yake iliandikwa na Dwayne McDuffie, mwandishi Mmarekani mweusi aliyefanya kazi kubwa kuwaingiza mashujaa weusi katika katuni. Wanacheza wawili: Superman na Batman, au Wonder Woman na Flash, au Green Lantern, ambaye hapa ni John Stewart, mtu mweusi. Adui wengi ni mashine na viumbe vya kigeni, si binadamu. Ni mfupi na hauna mambo mengi ya kugundua, lakini kwa ndugu wawili wenye saa moja ya umeme unatosha kabisa.

4. The Incredible Hulk: Ultimate Destruction (2005)

Hapa ndipo vijana watapiga kelele. Kwa raha tupu, wengi wanauweka huu wa kwanza, na hawana uongo. Radical Entertainment ya Kanada iliufanya kwa ustadi mkubwa. Hulk anapanda ghorofa kwa kukimbia ukutani, anapasua gari katikati na kulivaa kama glavu za chuma, anabonda basi na kuteleza juu yake barabarani. Hakuna mchezo mwingine wa wakati ule uliompa mchezaji nguvu kiasi hicho mikononi.

Lakini angalia namna unavyolipa. Katika Spider-Man 2 pointi zinatoka kwa kusaidia. Hapa zinatoka kwa kuvunja. Kadiri mji unavyobomoka, ndivyo mchezaji anavyonunua mbinu mpya za kubomoa. Raia ni kitu cha kupita, na mara nyingine ni kitu cha kurusha.

Watetezi wake wana hoja mbili za kusikilizwa. Ya kwanza: mchezo si vita, na mtoto anajua tofauti. Ya pili: mtoto aliyekimbia wenye silaha ana haki ya kuwa, kwa nusu saa, yule ambaye hakuna mwenye silaha anayemweza. Hoja ya pili ina uzito. Hulk anakimbizwa na jeshi kila anapokwenda, na hakuanza yeye. Ndiyo maana mchezo huu haukutolewa kwenye orodha. Uko nafasi ya nne, na unafaa kuchezwa na wakubwa kidogo, mtu mzima akiwa karibu, si na mtoto wa miaka 7 aliyeachwa peke yake.

5. Batman Begins (2005)

Eurocom waliutengeneza, Electronic Arts wakautoa. Wazo lake ni zuri: Batman hashindi kwa ngumi tu, anashinda kwa hofu. Anaangusha kitu gizani, adui wanatetemeka, silaha zinawatoka mikononi, ndipo anaposhuka. Mtoto anajifunza kutazama na kusubiri. Tatizo ni kwamba njia ni moja tu. Mchezo unaonyesha pa kupanda na kitu cha kuangusha, kwa hiyo ukiumaliza mara moja umekwisha.

6. Ultimate Spider-Man (2005)

Kwa macho, huu ndio mzuri kuliko yote. Umechorwa kama kitabu cha katuni kinachotembea, na Brian Michael Bendis, mwandishi wa kitabu chenyewe, alishiriki kuandika hadithi. Lakini nusu moja mchezaji ni Spider-Man, nusu nyingine ni Venom, na Venom akipungukiwa nguvu anameza wapita njia ili apone. Kwa kijana mkubwa ni hadithi ya jini la kutisha. Kwa mtoto mdogo ni somo baya: kwamba raia ni chakula cha mwenye nguvu. Somo hilo tayari linafundishwa vya kutosha barabarani.

7. Superman Returns (2006)

Huu ni mchezo mbaya wenye wazo bora kuliko yote. Superman haumii, kwa hiyo watengenezaji waliondoa kipimo chake cha uhai na kuweka kipimo cha mji. Anayekufa ni Metropolis. Adui akivunja majengo, kipimo kinashuka. Mji ukiisha, shujaa ameshindwa hata kama hana hata mkwaruzo. Kila mwenye kubeba silaha kwa jina la kulinda raia angepimwa namna hiyo, mambo mengi yangeonekana wazi.

Kwa bahati mbaya, kuucheza kunachosha. Kazi ni zilezile, kupigana ni kwa kubahatisha, na pambano la mwisho ni dhidi ya kimbunga. Wazo linastahili nafasi ya kwanza, lakini mtoto analipa kwa ajili ya kucheza, hanunui wazo. Unabaki wa saba.

Nje ya orodha

The Punisher (2005) hauna nafasi hapa. Humo mchezaji anawatesa watu ili wataje siri, na hata Marekani baadhi ya picha zilibadilishwa kuwa nyeusi na nyeupe kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Ni mchezo wa watu wazima. Mwenye sali anayeuweka mbele ya watoto kwa sababu unaleta wateja anajua anachofanya.

Shida ni kwamba CD nyingi za sokoni hazina boksi. Michezo iliyouzwa Ulaya tangu 2003 ilibeba namba ya umri kwenye jalada, lakini CD iliyonakiliwa haibebi chochote zaidi ya jina lililoandikwa kwa kalamu. Namba ikikosekana, neno la mkubwa ndilo linabaki.

Mashine na udongo wake

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wacheza michezo wa Kivu wana haki ya kulijua. Ndani ya mashine kama hii, na ndani ya simu, kuna vifaa vidogo vinavyotunza umeme, na baadhi yavyo hutumia tantalum, chuma kinachotoka katika koltani. Mwaka 2000, mwaka uleule PlayStation 2 ilipotoka, bei ya tantalum ilipanda mara kadhaa kabla ya kuanguka mwaka uliofuata. Simu zilichangia, mashine za michezo zilichangia pia. Watu wa Masisi na Walikale wanakumbuka vizuri ni nani waliofika kwenye machimbo wakati huo, na hawakuja mikono mitupu. Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ripoti kuhusu uporaji wa mali hiyo.

Kwa hiyo Black Panther si hadithi ya mbali. Nchi yake ya kubuniwa, Wakanda, ina madini ambayo dunia yote inayataka, ila yeye anayalinda na watu wake wanayafaidi. Mtoto wa Rubaya akimchagua huyo kati ya mashujaa 20, hakuna haja ya kumwuliza sababu.

Kinachobaki ni kazi ndogo. Wenye sali wanaweza kubandika ukutani orodha ya CD zao na umri unaofaa, na kuweka Spider-Man 2 na Ultimate Alliance mahali watoto wanapofikia kwanza. Wazazi wanaweza kuuliza swali moja tu mtoto anaporudi nyumbani: leo umemsaidia nani? Mchezo ukimfanya akose jibu kila siku, afadhali franka zile zinunue mandazi.