Kama Asiyeona Hawezi Kujaza Hiyo Fomu, Tovuti Yako Haijaisha

Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu hatukioni juu hakituumi.

Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Unataka kozi ya chuo? KUCCPS. Mkopo wa masomo? HELB. Huduma za serikali? eCitizen. Sasa jiulize: kama huoni, hizo fomu unazijaza vipi?

Kwa simu, kama wewe tu. Android ina TalkBack, iPhone ina VoiceOver. Zinasoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. Shida ni kwamba zinategemea kile mtengenezaji wa tovuti ameandika. Akiweka kitufe cha mchoro bila kukipa jina, mtu anaweza kusikia "kitufe" basi. Kitufe cha nini? Cha kutuma ama cha kufuta? Ni kubahatisha. Tangazo la kazi likiwekwa kama bango bila maelezo, makataa yanapita na yeye hajui hata nafasi ilikuwepo.

Nikisema hivi naambiwa, "Lakini si hao ni wachache?" Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu 900,000 wenye ulemavu hapa Kenya. Na hata wangekuwa kumi, Kifungu cha 54 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari. Hakuna mahali kimesema "mkiwa wengi".

Halafu kuna ile ya "ni gharama". Gharama iko wapi? Andika maelezo mafupi kwa kila picha. Kipe jina kila kitufe na kila kisanduku cha fomu. Hakikisha tovuti inatumika kwa kibodi pekee, juu kuna wasioweza kushika mausi. Weka manukuu kwa video ndio viziwi wafuate. Na wacha hayo maandishi ya kijivu juu ya nyeupe: mwongozo wa WCAG unataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Ukifanya haya mapema, ni kazi kidogo. Kinachokula pesa ni kubomoa na kujenga upya, sawa na ghorofa lililosahau njia ya kiti cha magurudumu.

Na tusijidanganye ati tunawasaidia wao tu. Ukitazama video kwa mat bila earphones, unasoma manukuu. Ukisoma simu juani, ni maandishi meusi yanakuokoa.

Kwa hivyo kama unaunda tovuti, ya chama, ya duka ama ya mradi wa chuo, kabla uizindue washa TalkBack, funga macho, jaza fomu yako mwenyewe. Kisha tafuta mtu asiyeona aijaribu, na umlipe, hiyo ni kazi. Akikwama, bado hujamaliza.

Na wewe unayeposti mabango ya nafasi za kazi kila siku, andika maneno yaliyo kwa bango hapo chini. Ni dakika mbili tu. Kuna mtu anangoja hiyo kazi.