Mizpa halikuwa agano la mapenzi
Mwandishi, hapo unapoiita Mizpa agano la mapenzi sikubaliani nawe. Soma Mwanzo 31 yote: Yakobo amemtumikia mkwewe Labani miaka 20, analalamika ujira wake umebadilishwa mara 10, na rundo la mawe lililoitwa Mizpa likawekwa kama mpaka kati yao, asivuke mtu kumdhuru mwenzake. Sisi wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, Geita, tunalielewa jambo hilo upesi. Niliingia duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, kwa makubaliano ya mdomo. Dhahabu ilipoonekana, mgawo wangu wa viroba vya mawe ya dhahabu ukapunguzwa, na shahidi sina. Na wewe ndugu mchangiaji hapo juu unayesema Mkristo hahitaji mkataba, Yakobo na Labani walimtaja Mungu kuwa shahidi na mawe bado wakayasimamisha. Wachungaji wa Geita, wafundisheni wachimbaji kuandikiana.