Picha ya moshi ni nzuri, lakini mtoto asimame wapi?

Katika uwanja wa wafinyanzi wa Bhaktapur, mji wa kale ulio kilomita 13 hivi mashariki mwa Kathmandu, Nepal, mamia ya vyungu huanikwa juani asubuhi. Mzee huchomeka fimbo kwenye gurudumu zito, akalizungusha mpaka lishike kasi, kisha akaweka fimbo kando na kuinamia bonge la udongo mweusi. Muda si mrefu bonge limekuwa bakuli. Wageni wanainua simu.

Wenyeji wamezoea. Wengi wao ni wa jamii ya Prajapati, wanaorithishana ufinyanzi kizazi hadi kizazi. Baada ya mavuno, mpunga nao huanikwa uwanjani hapohapo, katikati ya vyungu.

Bakuli nyingine huishia kwa wauza mtindi. Mtindi wa mji huo, juju dhau, hugandishwa ndani ya bakuli la udongo, na kwa kuwa udongo hunyonya maji, hutoka mzito wa kushika kijiko.

Lakini picha inayotafutwa zaidi ni ya kuchoma. Vyungu hupangwa, vikafunikwa kwa majani makavu ya mpunga na jivu, vikaungua taratibu kwa siku kadhaa. Moshi mweupe unapanda mbele ya nyumba za matofali mekundu, mwanga unapenya. Hapo ndipo mzazi humwambia mwanawe, "Hebu simama pale."

Pale ni kwenye moshi. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima na njia zake za hewa ni nyembamba, hivyo chembe za moshi humsumbua upesi. Dakika tano za uwanjani si sawa na moshi wa jikoni wa kila siku, ambao Shirika la Afya Duniani linasema karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto kupata maambukizi ya mapafu. Ila kwa mwenye pumu, dakika tano zinatosha kubana kifua.

Huku kwetu pia vyungu huchomwa mahali pa wazi, kwa kuni na majani, na simu hazikosekani. Mzazi, angalia kwanza upepo unakoelekea. Mtoto akae upande unakotoka, moshi uwe nyuma yake kwa mbali. Dawa ya pumu ya kuvuta iwe mkobani, si hotelini. Akianza kukohoa au kupumua kwa mlio, picha imekwisha, ondokeni.

Yupo pia mtoto wa mfinyanzi, ambaye moshi ule ni wa nyumbani kwao. Usimpange ndani yake ili picha ipendeze, na usimpige kabla mama yake hajakubali.

Kufinyanga kwenyewe mwache mwanao ajaribu, achafuke apendavyo. Mikono tu ioshwe kwa sabuni kabla hajashika bakuli la mtindi.