Panga za Sudan ni za Nani?

Watu wengi waonapo picha ya upanga wa Kisudani husema, "Huo ni upanga wa Wazungu wa Vita vya Msalaba." Husema hivyo kwa kuwa upanga huo ni mnyoofu, una makali pande mbili, na chuma kilichokingama juu ya mpini huufanya ufanane na msalaba. Mimi naona neno hilo si la haki, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini.

Kwanza tuutazame upanga wenyewe. Vitabu vya Wazungu huuita kaskara, lakini Wasudani huuita sefu tu, neno la Kiarabu lenye maana ya upanga. Urefu wake ni karibu mita 1. Mpini ni wa mti uliovikwa ngozi, na mwishoni una kitako cha mviringo. Ncha ni butu kidogo, maana kazi yake kubwa ni kukata. Ala ni ya ngozi nayo hupanuka karibu na ncha mfano wa jani. Mwenyewe huutundika begani kwa ukanda. Kwa panga za namna hii na mikuki, mashujaa wa Kihadendoa wa Osman Digna waliwaingilia Waingereza waliojipanga mraba huko Tamai, tarehe 13 Machi 1884.

Ama kuhusu asili, ni kweli kwamba mabapa mengi yalinunuliwa Ulaya, hasa katika mji wa Solingen, Ujerumani. Lakini hiyo ilikuwa biashara ya karne za baadaye, nayo Akka, ngome kuu ya mwisho ya Wanamsalaba, ilianguka mwaka 1291. Tena Waarabu walikuwa na panga nyoofu kabla ya vita hivyo, na huko Oman panga nyoofu zingaliko hata leo. Basi ya nini kumtafuta Mzungu wa Msalaba ili kueleza umbo la upanga wa Sudan?

Labda mtu atasema, "Kama chuma ni cha Ujerumani, upanga ni wa Ujerumani." Namjibu kwa kanga. Kanga nyingi za mama zetu zilipigwa chapa Uingereza, Uhindi na Japani, wala hakuna aliyewahi kusema kanga si vazi la pwani yetu. Mfanyabiashara alileta bapa tupu. Msudani ndiye aliyelitia mpini, akalishonea ala na kulifanya lifae kwa mpanda ngamia.

Wala mafundi wa Sudan hawakuishia hapo. Walifua mabapa yao wenyewe, wakayapiga alama za nusu mwezi kama zile za Ulaya, kwa kuwa wanunuzi waliziamini. Mafundi wa Kassala walichukua springi za malori mabovu, wakazitia motoni, wakazifua na kuzitia maji mpaka zikawa panga. Mtu anayeweza kutoa upanga katika lori bovu ni fundi kamili, na yafaa tumwite hivyo.

Jambo hili si la mabishano ya darasani tu. Katika vita vilivyoanza Sudan mwezi wa Aprili 2023, Makumbusho ya Taifa mjini Khartoum yaliporwa. Kitu kikiisha kupotea, kinachobaki ni maandishi yaliyoandikwa juu yake. Na maandishi yakisema kwamba kazi ile ilikuwa ya wageni, fundi hupotea mara ya pili.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wenzangu: tuandikapo habari za kitu chochote cha kale, cha Sudan au cha kijijini kwetu, tusitosheke kuuliza chuma kilitoka wapi. Tuulize pia ni mikono ya nani iliyokifanyia kazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne