Mpita Njia Si Hadhira

Kijana wa mtaa wa Jang'ombe, Unguja, akitaka kujulikana mtandaoni hupewa ushauri mmoja: shika simu wima, rekodi sekunde 15, tupia kila siku, watu watakuja wenyewe. Ushauri huo ni wa uongo, na unawamalizia vijana wetu bando na muda.

Video fupi hupelekwa kwa mtu asiyeiomba. Programu inampima: ametazama hadi mwisho au amepitisha kidole? Akimaliza, inawasukumia wengine wa namna yake. Ndiyo maana video hutazamwa mara laki moja na kesho yake aliyeitengeneza hana hata watu ishirini wanaomngoja. Waliopita mbele ya baraza lako wakageuza shingo si wageni wako.

Hata wenye mitandao wanajua tofauti hiyo ya mpita njia na mgeni. Ili YouTube ikugawie fedha za matangazo, unahitaji wafuasi 1,000, kisha ama saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Nao mpango wa TikTok wa kuwalipa wabunifu hauhesabu video isiyozidi dakika moja.

Watanijibu kwa mfano wa Kili Paul, Mtanzania aliyepata umaarufu kwa video fupi. Kweli, yeye na dadake Neema waliigiza nyimbo za Kihindi wakiwa wamevaa Kimasai, na Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja katika hotuba yake ya redio. Lakini angalieni walichofanya. Walijua wanamwimbia nani, wakafuatisha maneno ya lugha isiyo yao mpaka midomo ikakubali, wakashikilia jambo hilo hilo. Hawakutupia chochote kilichokuwa mkononi ili siku isipite bure.

Ufupi wenyewe si mgeni Unguja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri ambazo kila upande ulichukua kama dakika tatu. Ila santuri hazikumtafutia jina. Alikwisha kulijenga kwa kuwaimbia watu mbele ya macho yao, kwa Kiswahili, habari za mji wao wenyewe. Santuri zililisafirisha tu.

Basi kijana wa Jang'ombe, anza na watu. Mtaa wako una timu za soka za Taifa ya Jang'ombe na Jang'ombe Boys, na una wazee waliowaona wachezaji wao wakikua. Nani atasimulia mechi zao kwa ujuzi kukuzidi wewe? Chagua jambo moja unalolijua, litolee siku maalumu ya wiki, wajibu wanaokuuliza, na kila video fupi iwaelekeze kwenye simulizi ndefu. Acha kuhesabu waliopita. Hesabu waliorudi wiki iliyofuata, kwa sababu hao ndio hadhira yako.