Mtangazaji, Muulize Mgeni Wako Habari za Gitaa

Muhula uliopita mzazi mmoja alinijia shuleni, hapa Eldoret, akiwa amelikumbatia gitaa la mwanawe. "Mwalimu," akasema, "likae kwako mpaka amalize mtihani. Sitaki mwanangu awe kama hao ninaowasikia redioni kila asubuhi." Nilipomuuliza ni akina nani hao, akanitajia ugomvi, ulevi na magari ya kukodi. Wimbo hata mmoja hakuutaja.

Sikuweza kumlaumu. Mimi pia hupanda matatu kila asubuhi, na ninayasikia mambo yayo hayo, wanafunzi wangu wakiwa wameketi kando yangu. Mwanamuziki hualikwa studioni, naye mtangazaji humuuliza anaishi na nani, amekosana na nani, na kwa nini amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Mgeni, kwa kuwa anajua anachotakiwa, hutia chumvi. Wanacheka, matangazo ya biashara yanaingia, na muda unakwisha. Wimbo wake hupigwa nusu, tena mtangazaji akisema juu yake.

Je, hilo ndilo tulilolitazamia? Capital FM ilipoingia hewani mwaka wa 1996 na kuvunja ukiritimba wa redio ya taifa, wengi wetu tuliamini kwamba wingi wa vituo ungeleta wingi wa muziki. Kweli uliletwa. Hata muziki wa roki ulipata makao kwa muda katika kituo cha X FM cha Nairobi, na bendi za vijana wa Kenya kama Murfy's Flaw na Parking Lot Grass zikathibitisha kwamba gitaa la umeme halina kabila. Kilichopungua ni mazungumzo yenye maana kuhusu muziki wenyewe.

Isidhaniwe kwamba nauchukia mzaha. Msanii ana haki ya kuwa na vituko. Jimi Hendrix aliliwasha gitaa lake moto jukwaani Monterey, Marekani, mwaka wa 1967, na picha zake zingali zinatazamwa. Hata hivyo, wanaojifunza muziki hawasomi kiberiti chake. Wanasoma vidole vyake.

Sisi wa Bonde la Ufa tuna sababu zaidi ya kulijali jambo hili. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha", kiumbe nusu mtu nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Wazee wetu walisikia sauti ya kigeni, wakaifanyia kazi, wakatoa wimbo wao. Baadaye Kipchamba arap Tapotuk alilifanya gitaa liseme Kikalenjin, na kampuni ya Chandarana ya Kericho ikazisambaza santuri za wanamuziki wa eneo hili. Sijui kama mwanafunzi mmoja darasani mwangu amewahi kuyasikia hayo redioni.

Kuna watakaosema kwamba redio ni biashara na msikilizaji hupenda umbeya. Nakubali sehemu ya kwanza tu. Fred Obachi Machoka, katika kipindi chake cha Roga Roga cha Radio Citizen, aliwakusanya wasikilizaji kwa miaka mingi kwa rumba na habari za wanamuziki wake. Watu hula wanachopakuliwa.

Mtangazaji na amuulize mgeni wake: Nani alikufundisha? Wimbo huu ulianza na maneno au na sauti? Nani anamiliki rekodi hii, na mkataba uliusoma kabla ya kutia sahihi? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamlinda msanii, lakini haki isiyojulikana na mwenyewe haimfai. Maswali haya yangemsaidia kijana mwenye gitaa kuliko mahubiri yangu kumi. Mtaala mpya umefungua mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Mzazi atakubalije mwanawe aufuate ikiwa picha pekee aliyo nayo ya msanii ni ya mlevi?

Walimu wenzangu, tuviandikie vituo barua. Nanyi wanafunzi, mnapopewa nafasi ya kupiga simu, ulizeni habari za kazi, si za chumbani.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela alianza kutuuliza mwaka wa 1966, "Je, huu ni ungwana?" Nami nauliza: kumwita fundi nyumbani kwako, ukamhoji kuhusu kila kitu isipokuwa ufundi wake, je, huo ni ungwana? Gitaa la yule kijana lingali kabatini mwangu. Naomba asubuhi moja mama yake afungue redio, asikie jambo litakalomfanya aje kulichukua mwenyewe.